Jinsi ya Kunakili Sutra ya Moyo kwa Mkono: Mwongozo wa Shakyo kwa Anayeanza

Kila ninapotaja kwamba nanakili sutra, yaani maandiko matakatifu ya Kibudha, kwa brashi, kazi ambayo Wajapani huiita shakyo, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Lazima nijue Kijapani? Lazima niwe Mbudha? Mwandiko wangu ni mbaya, itakuwaje? Nikikosea herufi moja nianze upya? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, tena kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukikaa mezani asubuhi na vifaa vyako uweze kumaliza nakala nzima kabla ya chakula cha mchana.

Majibu mafupi kwanza. Kijapani si lazima. Unachohitaji ni macho yaliyotulia na kielelezo kizuri. Kuhusu dini, mahekalu mengi ya Japani yanayokaribisha watu kuja kunakili hayaulizi mtu anaabudu nini. Hata hivyo, shakyo ni ibada na imekuwa ibada tangu mwanzo, kwa hiyo ikaribie kwa heshima. Mwenye dini yake ajipimie mwenyewe: unaweza kuandika andiko lote ukaacha kulisoma kwa sauti na ukaacha kuandika ombi mwishoni, na hakuna atakayekulaumu. Na mwandiko mbaya haukuzuii hata kidogo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni hili: katika shakyo, ukamilifu wa andiko unatangulia uzuri wa mwandiko. Herufi iliyopinda bado ni neno la sutra, lakini herufi iliyorukwa haipo. Katika karne ya 8 huko Nara, dola ya Japani ilikuwa na ofisi maalumu ya waandishi walionakili sutra kwa mshahara. Kazi ya kila mmoja ilipitiwa na wasahihishaji, na mwandishi alikatwa ujira kwa makosa yake. Aliyeruka mstari mzima ndiye aliyeumia zaidi. Walijua kilicho muhimu, na mwongozo huu unafuata kipimo chao.

ANDIKO LA KUANZIA

Anza na Sutra ya Moyo, inayoitwa Hannya Shingyo kwa Kijapani. Ni fupi: herufi 262 bila kuhesabu kichwa. Imeandikwa kwa herufi za Kichina, katika tafsiri inayonasibishwa na mtawa Xuanzang, mwaka 649, na Wajapani huisoma kwa matamshi yao. Humo ndimo lilimo lile fungu maarufu lisemalo kwamba umbo ni utupu na utupu ni umbo. Madhehebu ya Zen, Shingon na Tendai yote huisoma, ndiyo maana vielelezo vyake ni rahisi kupatikana.

Ukiwa na nia ya kupeleka nakala yako hekaluni, uliza kwanza. Jodo Shinshu na madhehebu ya Nichiren hawaitumii Sutra ya Moyo. Wa Nichiren husimama juu ya Sutra ya Lotasi. Vilevile, ukienda kwenye hekalu la Kibudha lililopo Dar es Salaam ukawauliza kuhusu shakyo, usishangae wakikutazama: hekalu lile lilianzishwa na Wasri Lanka, na mapokeo yao ni ya Theravada, ambayo maandiko yake ni ya Kipali.

Kama herufi 262 zinakutia hofu, ipo sutra nyingine iitwayo Enmei Jikku Kannon Gyo yenye herufi 42 tu. Inafaa sana kwa siku ya kwanza.

VIFAA

Kielelezo. Huu ni ukurasa wa sutra ulioandikwa vizuri kwa mwandiko wa kaisho, yaani herufi zilizosimama na kutengana, kila kipande kikionekana. Usichukue kielelezo cha mwandiko wa kukimbiza, hata kikikuvutia vipi. Hakikisha pia kina herufi 17 kwa kila mstari, kwa sababu ndiyo kanuni ya tangu zamani, na utaona faida yake baadaye.

Karatasi. Japani huuzwa karatasi za shakyo zenye mistari tayari, nyingine zikiwa na herufi za kijivu hafifu za kufuatisha juu yake. Huku kwetu, chapisha kielelezo kwa rangi ya kijivu iliyofifia kwenye A4 ya fotokopi ukaandike juu yake, au weka karatasi nyepesi ya kunakilia ramani juu ya kielelezo cheusi. Zote zinafanya kazi.

Brashi. Kama hujawahi kushika brashi, anza na kalamu-brashi, ile yenye wino ndani na ncha laini. Kampuni ya Kuretake ya Nara ilianza kuziuza mwaka 1973, na leo hata kwenye mahekalu watu hunakili kwa kalamu hizo. Ukishazoea, nunua brashi ndogo ya kuandikia sutra, yenye ncha kali na manyoya yenye nguvu kiasi. Brashi za rangi za maji za wanafunzi ni laini mno, zitakuchosha bure.

Wino. Ukitumia brashi halisi, utahitaji kipande cha wino mkavu kiitwacho sumi, kilichotengenezwa kwa masizi na gundi ya wanyama, pamoja na jiwe la kukisagia. Wino wa chupa unafaa pia. Lakini kazi ya kusaga ndiyo inayotuliza mkono kabla ya kuandika, nami siachi.

Vitu vidogo: kitambaa kizito cha kutandika chini ya karatasi, kitu kizito cha kukandamizia karatasi isipeperuke, glasi ya maji safi, tishu, rula, penseli na karatasi kadhaa za kujaribia.

KUPIGA MISTARI

Kama karatasi yako ni tupu, piga mistari kwa penseli. Laza A4 iwe pana. Acha sentimita 2 juu na sentimita 2 chini. Zinabaki 17 za kimo, yaani sentimita 1 kwa kila herufi. Kisha gawa upana katika mistari 23 ya kusimama, kila mmoja milimita 12. Hiyo inatosha mstari mmoja wa kuacha wazi, mmoja wa kichwa, 17 za andiko pamoja na kichwa cha kufungia, mmoja wa kupumzika, na mitatu ya ombi, tarehe na jina.

Maandishi yanatoka juu kwenda chini, na mistari inaanzia kulia kwenda kushoto. Aliyepita madrasa atafurahi kuanzia kulia, lakini ajihadhari na mazoea ya kalamu ya unyasi. Kalamu ile huilaza na ukaipata ncha yake bapa. Brashi haitaki hivyo. Inataka kusimama wima juu ya karatasi, na unene wa mstari unatokana na kukandamiza na kuinua.

HATUA ZA KAZI

1. Osha mikono, sukutua mdomo, vaa nguo safi. Hii ni sehemu ya ibada, na ina faida yake ya kawaida pia: mafuta ya mkono yakishika karatasi, wino hukataa kushika. Mahekaluni wengine hupaka mikononi ubani wa unga uitwao zuko. Udi kidogo kwenye chetezo utatosha kama unao.

2. Panga meza. Kielelezo kiwe kushoto au juu ya karatasi yako, jiwe na brashi viwe kulia. Zima feni inayokupuliza usoni, zima na simu. Kaa wima, karatasi ikiwa sawa na kifua, bila kuipindisha.

3. Saga wino. Tia maji matone machache tu kwenye sehemu ya juu ya jiwe. Simamisha kipande cha sumi na ukizungushe polepole, bila kukandamiza, ukiacha uzito wake ufanye kazi. Endelea dakika kumi hadi kumi na tano, ukiongeza maji tone kwa tone. Wino umeiva pale njia ya kipande inapobaki wazi juu ya jiwe kwa muda mfupi kabla ya wino kuifunika tena. Onyo: usikiache kipande juu ya jiwe baada ya kusaga. Kina gundi, kitagandia hapo, na ukikivuta kitamega jiwe.

4. Legeza brashi. Brashi mpya huwa imekaushwa kwa gundi. Lowesha na kulegeza ncha peke yake, takriban theluthi moja ya manyoya. Ukilegeza yote mpaka shina, herufi ndogo zitakushinda. Chovya, halafu kwangua ukingoni mwa jiwe mpaka ncha iwe kali.

5. Jaribu kwenye karatasi chakavu. Shika brashi wima, kiganja kikiwa na nafasi ndani kama mtu aliyeshika yai. Kwa herufi ndogo kama hizi, egemeza kifundo cha mkono mezani kidogo tu, au weka kiganja cha kushoto chini yake kama mto. Andika herufi 一, mstari mmoja wa kulala, mara nyingi: bonyeza, vuta, simama, inua. Halafu andika 永, ambayo walimu wa kaligrafia wamekuwa wakiitumia tangu kale kwa sababu ina aina zote nane za mikato ya msingi. Mkato ni kila kipande kinachoandikwa tangu brashi iguse karatasi mpaka iinuliwe. Kanuni za mpangilio wake ni mbili kubwa: cha juu hutangulia cha chini, na cha kushoto hutangulia cha kulia.

6. Tulia. Weka brashi chini, unganisha viganja mbele ya kifua, inamisha kichwa. Wanaofuata desturi husoma sutra nzima kwa sauti mara moja kabla ya kuandika. Ukitaka kusoma, mwanzo wake ni "Kan ji zai bo satsu gyo jin hannya hara mita ji". Usiposoma, pumua mara kadhaa polepole, kisha anza.

7. Acha mstari wa kwanza wa kulia wazi. Kwenye wa pili andika kichwa cha sutra kama kilivyo kwenye kielelezo. Andiko lenyewe lianze mstari wa tatu, juu kabisa.

8. Andika herufi moja kwa moja. Tazama herufi nzima kwenye kielelezo, iandike, ndipo utazame inayofuata. Wapo watawa waliokuwa wakisujudu mara tatu kwa kila herufi. Wewe hulazimiki, ila usiandike moja huku jicho limeshakimbilia ya pili. Chovya wino kila baada ya herufi mbili au tatu, ukikwangua ncha kila mara. Usingoje brashi ikauke katikati ya herufi. Ukichoka, simama mwishoni mwa mstari, kamwe si katikati.

9. Kila umalizapo mstari, linganisha herufi ya mwisho na ya kielelezo. Hatua hii haina mbadala, nami nitaieleza kwa kirefu hapa chini.

10. Malizia. Baada ya mantra ya mwisho, yaani maneno matakatifu ya kukariri, yale ya "gyatei gyatei", andika kichwa kifupi cha kufungia kama kielelezo kinavyoonyesha. Acha mstari mmoja wazi. Kisha andika ombi lako: kwa desturi huanza na herufi 為, yenye maana ya "kwa ajili ya", likafuata ombi lenyewe, mathalani 家内安全 kwa usalama wa familia au 病気平癒 kwa mgonjwa apone. Mstari unaofuata ni tarehe, na wa mwisho ni jina lako. Mimi ombi naliandika kwa Kiswahili. Nageuza karatasi ubavu, naandika polepole kwa brashi ile ile, kwa sababu mtu ninayemwombea namjua kwa Kiswahili.

11. Hakiki nakala nzima dhidi ya kielelezo, ukifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Sahihisha kama nitakavyoeleza. Halafu unganisha viganja tena.

12. Safisha vifaa. Jiwe lioshe kwa maji matupu, bila sabuni wala steelwire, kwa sababu vinaharibu uso wake. Kipande cha sumi kikaushe kwa tishu. Brashi ndogo usiioshe mpaka shina. Ilaze kwenye tishu yenye maji, ifute ncha mpaka tishu itoke haina weusi, irudishie umbo lake kwa vidole.

PALE WATU WANAPORUKA

Hapa ndipo kazi ilipo. Sutra ya Moyo ni fupi lakini imejaa marudio, na jicho la mwandishi huruka kutoka neno moja hadi mwenzake wa mbele bila yeye kujua.

Mtego wa kwanza uko mwanzoni kabisa: 色不異空空不異色色即是空空即是色. Hizo ni herufi kumi na sita zilizojengwa kwa herufi sita tu. Tazama katikati: 空 mbili zimefuatana, kisha 色 mbili, kisha 空 mbili tena. Anayeanza huandika moja akidhani ya pili alishaiandika. Hali ni hiyo hiyo mbele kwenye 無無明, ambayo inakuja mara mbili, na kwenye 等等 karibu na mwisho. Ukizifikia herufi pacha, zitamke kimoyomoyo: ya kwanza, ya pili.

Mtego wa pili ni 無, "hakuna", inayotokea mara 21. Katikati ya sutra kuna msururu wa kukanusha: hakuna jicho, sikio, pua, ulimi, mwili wala akili, hakuna rangi, sauti, harufu, ladha, mguso wala fikra. Fungu linaanza na 無, linalofuata pia 無. Ukiinua kichwa kunywa maji hapo, ukirudi hujui umekomea 無 ipi.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Maneno 依般若波羅蜜多故 yanatokea mara mbili. Mara ya kwanza yanafuatwa na 心無罣礙, moyo usio na kizuizi. Mara ya pili yanafuatwa na 得阿耨多羅, kuhusu kuipata nuru ya juu kabisa. Jicho likiruka kutoka ya kwanza hadi ya pili, umepoteza herufi 36 kwa mpigo, zaidi ya mistari miwili, na andiko bado linaonekana limeungana vizuri. Kilichopotea humo ni ile sehemu inayosema hakuna hofu. Kwenye kielelezo chako, weka alama ndogo ya penseli kwenye sehemu hizo mbili kabla hujaanza.

Sasa utaona kwa nini nilisisitiza herufi 17. Kama mistari yako ina idadi sawa na ya kielelezo, basi kila mstari lazima uishie kwa herufi ile ile. Andiko likianza juu ya mstari wake lenyewe, mstari wa kwanza utaishia na 五, wa pili na 不. Wa kwako ukiishia na nyingine, kosa liko ndani ya mstari huo huo, umelikamata kabla halijasambaa. Kata pia kipande cha karatasi ngumu chenye mwanya wa upana wa mstari mmoja, ukiweke juu ya kielelezo ukisogeze kushoto kila umalizapo mstari. Ukifanya mambo haya mawili hutaruka mstari, labda uwe na usingizi.

UKIKOSEA

Usichane karatasi wala usifute kwa rangi nyeupe. Kuna njia ya kusahihisha, na nakala iliyosahihishwa ni nakala halali.

Ukiandika herufi isiyo sahihi, weka nukta ndogo upande wake wa kulia, kisha andika iliyo sahihi juu au chini ya mstari huo huo, kwenye pambizo.

Ukiruka herufi, weka nukta kulia, kati ya herufi mbili ilipopaswa kuwapo, na uiandike chini kabisa ya mstari huo.

Ukiandika herufi mara mbili bure, weka nukta kulia ya ile ya ziada, basi.

Ukiruka mistari mizima, hapo ndipo ninaposema anza upya. Weka nakala ile kando kwa heshima, usiitupe jaani, na uanze siku nyingine ukiwa umepumzika.

NAKALA IENDE WAPI

Kwa desturi nakala hutolewa hekaluni. Hekalu la Yakushiji huko Nara ndilo mfano mkubwa wa nyakati zetu: mwaka 1968 mkuu wake, Takada Koin, alianza kuwaomba watu wanakili Sutra ya Moyo na kuitoa pamoja na sadaka ya yeni 1,000, akilenga nakala milioni moja, ili lijengwe upya Jumba la Dhahabu, yaani jumba kuu la hekalu hilo. Jumba lilikamilika mwaka 1976, kwa mikono ya watu wa kawaida ambao wengi wao hawakuwa waandishi wazuri. Kyoto kuna Daikakuji, panapotunzwa nakala iliyoandikwa na Mfalme Saga mwaka 818, wakati wa maradhi ya kuambukiza. Hufunguliwa kila baada ya miaka 60, na mara ya mwisho ilikuwa 2018. Mahujaji wanaozunguka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku nao hutoa nakala katika kila hekalu.

Wewe uliye mbali unaweza kuituma kwa posta kwa hekalu linalopokea. Soma masharti yao na kiwango cha sadaka kwanza. La sivyo, itunze nyumbani mahali pa juu na safi, pasipokanyagwa. Karatasi nyingi za sutra za kale zilitiwa rangi ya manjano kwa gome la mti uitwao kihada, linalofukuza wadudu. Sisi wenye mende na mchwa tuweke nakala kwenye bahasha ndani ya bati lenye mfuniko.

MATATIZO YA KAWAIDA

Wino unasambaa kama doa. Ama umeweka maji mengi, ama brashi imebeba wino kupita kiasi, ama karatasi inanyonya mno. Saga zaidi, kwangua ncha zaidi. Ikishindikana, badilisha karatasi.

Ncha ya brashi inagawanyika mara mbili. Wino umekauka kwenye manyoya. Lowesha ncha kwenye tishu yenye maji, izungushe mpaka iungane, chovya tena. Pakiwa na joto kali utalifanya hili mara kwa mara, ni kawaida.

Mkono unafuta mistari iliyokwishaandikwa. Kwa sababu tunakwenda kushoto, mkono wa kulia unapita juu ya wino. Weka karatasi safi chini ya kiganja baada ya wino kukauka. Anayeandika kwa kushoto hapati shida hii, na hakuna sababu ya kumlazimisha abadilishe mkono.

Jasho linalowesha karatasi. Wa Mombasa, Dar na Zanzibar wanalijua. Tandika kitambaa cha pamba chini ya mkono wa mbele, andika alfajiri au usiku.

Herufi zinakua kadiri unavyoshuka. Unatazama herufi peke yake badala ya kisanduku chake. Chora mstari hafifu wa penseli katikati ya kila mstari wa kusimama na uzitundike herufi hapo.

Herufi kama 罣礙, 蘊 na 耨 zinajaa wino mpaka hazisomeki. Zina mikato mingi katika nafasi ndogo. Ziandike kwa ncha tupu, mara tu baada ya kukwangua brashi, na anza kila mkato kwa wembamba.

Mkono unatetemeka. Unabana brashi. Legeza vidole, shusha mabega, toa pumzi wakati wa kuvuta mkato. Kama umekunywa kahawa nyingi, ngoja kwanza.

Miguu inakufa ganzi. Si lazima ukae chini kama mtawa, kaa kwenye kiti. Waandishi wale wa Nara waliwahi kuandaa ombi la maandishi kwa wakubwa wao, ambalo rasimu yake imehifadhiwa katika nyaraka za Shosoin, hazina ya kale huko Nara: waliomba siku tano za mapumziko kwa mwezi, chakula bora, na pombe ya mchele kila baada ya siku chache, kwa sababu kukaa mezani kutwa kuliwaumiza kifua na kuwatia ganzi miguuni. Inuka kila baada ya mistari minne au mitano, tembea chumbani, rudi.

Wino wa jana unanuka na una vibonge. Mwaga. Wino wa kusaga ni wa siku moja, kwa hiyo saga kiasi kidogo, na ukikuishia katikati ya kazi, saga mwingine.

Muda haukutoshi. Nakala nzima humchukua mtu kati ya saa moja na mbili, na mara ya kwanza inaweza kuzidi. Gawa kazi kwa siku mbili au tatu, ukiishia daima mwisho wa mstari, na uandike pembeni kwa penseli herufi utakayoanza nayo kesho.